Dakika Ishirini

Mama yangu aliteleza kwenye njia ya mawe nchini Thailand, Februari 2018, akiwa peke yake, na mimi mwanawe nikiwa juu kilimani. Ndugu zangu wanajua kwamba aliteleza. Wanajua kiganja kilichubuka na goti la kulia likavimba. Wasichokijua ni kwamba usiku wa kuamkia siku ile nilionywa, na onyo lile nikalikalia. Nimelikalia hadi leo.

Kazi yangu ni vito. Nanunua spineli za Mahenge na mawe ya rangi ya Bonde la Umba, kwetu Tanga, kisha nayapeleka Bangkok kwa wanunuzi wa mtaa wa Mahesak, huko Silom. Biashara ile ni ya kusubiri. Unaacha mzigo, mnunuzi anautazama, anaurudisha, anauomba tena, anataja bei, unaikataa, na siku zinakwenda. Mwaka ule nilijua nitasubiri si chini ya wiki mbili, nikaona ndiyo nafasi ya kumleta mama.

Mama alikuwa na miaka 71. Mwaka uliotangulia alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa muda mrefu kabla ya hapo alikuwa akitutambua kwa sauti na kwa hatua zetu tunapoingia uani. Alipoanza kuona tena alikuwa kama mtu aliyerudi kutoka safari: alishika kila kitu, akasoma maandishi ya kwenye pakiti za chumvi, akatukosoa nywele. Akaniambia, "Baba, nataka kuona vitu kabla hayajafunga tena."

Nikamwonyesha picha kwenye simu, za bahari, za mahekalu, za masoko. Aliziangalia kwa adabu tu, mpaka ilipokuja moja. Ilikuwa ya nyumba ndogo yenye paa la ncha nne, imesimama ndani ya pango, na mwanga wa jua unaimwagikia kutoka juu. Akaishika simu kwa mikono miwili. Mama alikulia Kiomoni, jirani na mapango ya Amboni, na utotoni alikuwa akiingia mle na bibi yake aliyepeleka ubani na marashi kwenye mzimu. Pango kwake lilikuwa kitu kizito. "Watu wamejenga nyumba pangoni? Ya nani?" Nikamwambia ya mfalme. "Nipeleke hapo," akasema. Katika safari nzima hicho ndicho kitu pekee alichokiomba. Mengine yote niliyapanga mimi.

Mji ni Hua Hin, pwani ya magharibi ya Ghuba ya Thailand, kilometa kama 200 kutoka Bangkok. Palikuwa pahala pa wavuvi hadi reli ilipofika mwaka 1911, kisha wafalme wakapapenda. Mfalme Prajadhipok alijenga hapo kasri aliloliita Klai Kangwon, yaani mbali na wasiwasi, na ndimo alimokuwa tarehe 24 Juni 1932 zilipomfikia habari kwamba utawala wake wa amri moja umepinduliwa. Siku hizi ni mji wa mapumziko, na uzuri wake mkubwa ni kwamba ukilala pale unaweza kila asubuhi kwenda upande tofauti na ukarudi jioni: misitu ya Kaeng Krachan magharibi, majumba ya kifalme ya Phetchaburi kaskazini, na kusini milima ya chokaa ya Khao Sam Roi Yot, jina lenye maana ya mlima wa vilele mia tatu.

Niliandika orodha ya siku tano. Nimeitunza karatasi ile, na nikiisoma sasa inanisuta. Phetchaburi kuna kasri la Phra Nakhon Khiri juu ya kilima, alilojenga Mfalme Mongkut mnamo 1859, na ipo tramu ya kuwapandisha watu. Nilifuta. Kuna kasri la mbao za msaji la Mrigadayavan, lililojengwa kando ya bahari miaka ya 1920, refu kama mtaa, ambamo mzee angetembea taratibu kivulini huku upepo ukimpiga. Nilifuta. Kuna bwawa la Bueng Bua lenye mayungiyungi, chini ya ile milima ya chokaa, ambako wanakijiji wanakutembeza kwa mtumbwi. Nilifuta, nikisema maua hata Tanga yapo. Nikabakiza maporomoko ya Pala-U, ambayo unayafuata ngazi kwa ngazi msituni. Nikabakiza kilima cha nyani cha Khao Takiab. Nikabakiza tembo wa Kui Buri jioni ileile ya siku ya pango, ili siku moja izae mambo mawili. Vyote nilivyovifuta vilikuwa vya mama mwenye miaka 71. Nilivyovibakiza vilikuwa vyangu.

Garimoshi tulilifurahia sote. Tulitoka Bangkok asubuhi, madirisha wazi, wachuuzi wanapita na vikapu. Tulipokaribia Phetchaburi mama alinigusa kwa kiwiko. "Mivumo ile!" Kweli, mashamba yalikuwa yamejaa mivumo, na sukari ya utomvu wake ndiyo inayotia utamu vile vitafunio vya mayai na tui vinavyouzwa pale. Alikula vitatu. Alimuuliza mchuuzi kwa Kiswahili kama vimeokwa au vimepikwa kwa mvuke, na yule akamjibu kwa Kithai, na wote wawili wakaridhika. Laiti ningelitazama jambo lile kwa makini, ningelijua safari ya mama ilikuwa ya namna gani.

Nyumba tuliyolala ilikuwa ya mwanamke wa makamo, mjane, aliyejua Kiingereza cha kutosha. Usiku wa pili, mama ameshalala, nilimwambia kwamba kesho tunakwenda pango la Phraya Nakhon. Aliacha kufuta meza.

"Mama yako ana magoti," akasema. "Nimemwona akipanda ngazi zangu, na ngazi zangu ni nane."

Akanieleza. Kutoka ufuko wa Laem Sala hadi mlango wa pango ni mita 430 tu, lakini ni kupanda moja kwa moja juu ya mawe, na mawe yenyewe yamesuguliwa na viatu vya watu wa miaka na miaka hadi yanang'aa. Wazee wengi huishia njiani. Kisha akasema neno ambalo ndilo linaloniamsha usiku. "Nenda wewe peke yako asubuhi. Mama nitampeleka mimi Bueng Bua. Shemeji yangu ana mtumbwi pale. Mtakutana saa saba mle chakula."

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Sikufikiri. Nilijua ningemweleza mama angesema, "Basi, mwanangu, tuache pango," au pengine angesema, "Nenda uone kwa niaba yangu," na mambo yangekwisha kwa heri. Lakini nilikuwa nimeshawaambia ndugu na jamaa kwamba kesho watapata picha ya mama mbele ya nyumba ya mfalme. Katika familia yetu mimi ndiye niliyekosekana kwenye misiba miwili na harusi moja. Nilitaka picha ile iseme kwamba mtoto asiyepatikana ndiye aliyempeleka mama mahali pasipofikika. Nilitaka kuonekana. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi, tukinywa chai, mama aliniuliza, "Kuna kupanda?"

"Kidogo," nikasema.

Tulitoka saa moja na nusu kwa gari la kukodi. Ni mwendo wa kilometa kama 60 kwenda kusini, na njia imezungukwa na mashamba ya mananasi, maana mkoa ule wa Prachuap Khiri Khan unaongoza Thailand kwa mananasi. Dereva alitusimulia habari za Kui Buri: jinsi mashamba yalivyousogelea msitu, tembo wakayazoea mananasi, wakulima wakawachukia, na tembo wengine wakauawa. Baadaye ukaja mpango wa kifalme wa kurudisha malisho na maji ndani ya msitu, na wanakijiji wenyewe wakafundishwa kuwaongoza wageni kuwatazama tembo kutoka kwenye magari yao. Mama alisikiliza kupitia tafsiri yangu. Anajua maana ya kulala shambani ukipiga madebe kufukuza wanyama. "Walifanya vyema kumpa tembo chakula chake," akasema. "Mwenye njaa hasikii kelele."

Kijiji cha Bang Pu ndipo njia zinapogawanyika. Unaweza kukivuka kilima cha kwanza kwa miguu, au ukapanda mashua ya wavuvi ikuzungushe rasi hadi Laem Sala. Tulichukua mashua. Nayo haifiki mchanga mkavu: unashuka majini. Mama alikunja kanga, akashikwa mkono na nahodha, akavuka maji ya magotini kama msichana. Laem Sala ni ufuko mzuri sana, mivinje mirefu, mchanga mweupe, milima imeukumbatia pande tatu. Alisimama akanusa. "Harufu ya mivinje ni ileile," akasema.

Kisha njia. Hatua kumi za kwanza ni rahisi, halafu mawe yanaanza, kila moja na kimo chake. Mama alipanda akishika mawe kwa mkono. Alikwenda, akapumzika, akaenda. Hatujafika mbali akasimama. "Baba, goti limekataa."

Nilitazama saa. Ilikuwa saa nne na robo. Jua huingia pangoni na kuipiga nyumba ya mfalme kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu, baada ya hapo kivuli kinarudi. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa kichwani mwangu, si goti la mama. Nilimrudisha chini, nikamkalisha kwenye benchi kivulini, nikamwachia chupa moja ya maji iliyobaki nusu.

"Dakika ishirini, mama."

Dakika ishirini hazitoshi hata kufika kwa kijana anayepanda bila kupumzika. Nilijua.

Pango lenyewe sitalipunguzia sifa kwa sababu ya aibu yangu. Unashuka kwenye ukumbi mkubwa ambao dari yake iliporomoka zamani, na kwa sababu mvua na jua vinaingia, miti imeota humo ndani, mirefu, myembamba, imenyooka kuutafuta mwanga. Katikati, juu ya kifusi, ndipo penye ile nyumba. Ilijengwa kwa ajili ya ziara ya Mfalme Chulalongkorn mwaka 1890. Vipande vyake vilichongwa Bangkok, vikasafirishwa na kuunganishwa palepale. Kwenye ukuta wa mwamba kuna herufi za jina lake, zimepakwa rangi. Nilipofika mwanga ulikuwa umeigusa ncha ya paa tu. Ukashuka polepole, ukaijaza yote, na watu wote mle pangoni wakanyamaza bila kuambiwa.

Mfalme huyo alikuwa ameijua pwani ile tangu utotoni, na kwa uchungu. Mwezi Agosti 1868, akiwa na miaka 14, baba yake Mfalme Mongkut alimchukua hadi Wa Ko, kusini zaidi katika mkoa huohuo, kutazama jua likipatwa. Mongkut alikuwa amepiga hesabu za kupatwa kule mwenyewe, akaalika wageni wa Ulaya, na siku ilipofika jua likafunikwa kama alivyosema. Lakini mahali pale palikuwa na mbu. Baba na mwana wote wakarudi na malaria. Mwana akapona, baba akafa tarehe 1 Oktoba mwaka uleule. Nilikuwa nimezisoma habari hizo kabla ya safari, na nikiwa mle pangoni nilizikumbuka vizuri kabisa, nikasimama mbele ya ile nyumba nikimfikiria mfalme na baba yake. Mama yangu sikumfikiria.

Nilikaa mle zaidi ya saa nzima. Nilipiga picha za nyumba kwa kila upande. Nilimwomba mgeni mmoja anipige nami. Nilingoja mwanga uondoke ili nione nao unaondokaje.

Nikaanza kushuka baada ya saa sita kasoro robo. Karibu na chini, pale mawe yanapokuwa makubwa, nikaona watu wameinama. Nikaona kanga kwanza, ile ya rangi ya zambarau niliyomnunulia mwenyewe. Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe, mguu mmoja umenyooshwa. Mwanamke anayeuza chakula pale ufukoni alikuwa anamwosha kiganja kwa maji ya chupa, akimwita Yai, neno lao la bibi mzaa mama. Vijana wawili, wageni, walikuwa wamemshika mabega asianguke nyuma.

Mama aliniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, akinikagua.

"Si ulisema dakika ishirini? Nilidhani umeanguka."

Hakuwa akipanda kwenda kuiona nyumba ya mfalme. Alikuwa amesubiri karibu saa nzima, akamuuliza kila aliyeshuka kwa ishara, akamwonyesha kimo changu kwa mkono, hakuna aliyemwelewa. Ndipo akaanza kunifuata juu, kwa goti lilelile lililokataa, na safari hii halikukataa hadi lilipoteleza.

Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa. Mashua ilikuwa mbali zaidi kuliko asubuhi, na mama alifikishwa kwa kubebwa, nahodha upande mmoja, mimi upande wa pili. Hakulalamika. Garini nikaona nimpe kitu, nikamfungulia simu. Picha nzuri kuliko zote, paa linang'aa kama limewashwa kwa ndani. Aliitazama muda mfupi.

"Nimeona," akasema, akanirudishia simu.

Tulimpitisha zahanati, akapigwa picha ya mguu, mfupa ulikuwa mzima. Safari ya Kui Buri ikafa. Pala-U ikafa. Kilima cha nyani kikafa. Yule mwenye nyumba alitufungulia mlango, akaliona goti, akaniona mimi. Hakuniuliza neno. Alimletea mama barafu iliyofungwa kwenye taulo na uji wa wali.

Baada ya siku tatu, mama anaweza kutembea kwa fimbo, mwenye nyumba alisema naye moja kwa moja, kwa mikono, akichora maua hewani. Mama akakubali. Tukaenda Bueng Bua watatu. Shemeji yake alikuwa mzee mkavu, mweusi wa jua, na mtumbwi wake alikuwa akiusukuma kwa upondo. Mama alipouona ule upondo uso ulimbadilika. Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa upondo, akivusha watu mikokoni. Mama aliketi katikati, fimbo mapajani, na tukaingia kwenye mayungiyungi. Yalikuwa yamefunguka, maana yanafunguka asubuhi na kujifunga jua likipanda. Ndege weupe walisimama juu ya majani. Milima ya chokaa ilikuwa mbele yetu yote, ileile yenye pango ndani yake upande wa baharini, na kutoka pale chini ilionekana nzima, jambo ambalo huwezi kuliona ukiwa ndani yake. Eneo lile la majimaji limetambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2008. Mama hakuhitaji kuambiwa hilo. Alitia mkono majini, ule usio na jeraha, akauacha humo mpaka tuliporudi.

Nusu ya njia aligeuka akaniuliza, "Kwa nini hatukuanza na huku?"

Mwenye nyumba alikuwa ameketi nyuma yangu. Hakujua Kiswahili. Ningeweza kusema pale, na ningesema kwa lugha ambayo ni mama tu angeisikia. Nilisema, "Sikupajua, mama."

Aliporudi Tanga aliwasimulia watu habari za ziwa la maua na mzee wa upondo mpaka wajukuu wakazijua kwa moyo. Pango hakulitaja, na walipomuuliza goti lilipataje kuumia alisema, "Niliteleza, mzee mimi," akajibebesha yeye lawama iliyokuwa yangu. Nilikuwa nimeketi barazani mara mbili alipoyasema hayo. Nilinyamaza mara zote mbili.

Ndugu zangu mtayasoma haya, na mna haki ya kunikasirikia. Nawe msomaji, kama una mzazi unayetaka kumwonyesha dunia, muulize anachotaka, kisha umwambie kila unachokijua kuhusu njia, hata kama kitaiharibu picha yako.

Mama alifariki Aprili 2021, nyumbani Tanga, akiamini kwamba sikujua.